Babu Kengele Yuko Hewani

4 Machi

Mdogo wangu, fundi wa nguo na fundi wa maneno,

Hujambo? Wifi hajambo? Na watoto, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Nikijibu kwa upande wangu sitakudanganya: mwili unarudi, roho imegoma. Daktari amenitoa nyuzi za shingoni na kidonda kimefunga vizuri, ila amenikataza kusema hata neno moja mpaka aniruhusu mwenyewe. Kunong'ona nako amekataza, eti ndiko kunakoumiza koo zaidi. Ndiyo maana unapata barua badala ya simu. Mimi niliyekula kwa mdomo huu maisha yangu yote, leo nanunua nyanya kwa kunyoosha kidole, na muuza nyanya ananipigia kelele kana kwamba nimekuwa kiziwi.

Sasa kaa vizuri, maana nina la kukuambia. Wameninyang'anya kipindi. Amka na Jirani si changu tena. Na aliyenipora si mtu baki, ni Asali.

Ndiyo, huyo huyo. Yule binti aliyekuja kituoni hajui hata kukaa mbele ya maiki, anapumua ndani yake kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Nani alimfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo? Mimi. Nani alimlaza chumba cha nyuma mpaka akapata pa kupanga? Mimi. Hata hilo jina la Asali nilimpa mimi, hewani, siku ya kwanza nilipomruhusu asome hali ya hewa. Alikuja hospitali kabla sijapasuliwa, na mfuko wa machungwa, akanishika mkono, akasema, "Dada, usiwe na wasiwasi, kiti chako nakulindia." Nikamwamini. Asante ya punda ni mateke!

Unajua habari nilizipataje? Kwenye redio ya wodini. Nimelala, shingo imefungwa, siwezi hata kugeuka, nasikia muziki wangu wa kufungulia kipindi, halafu yeye: "Kuanzia leo, jirani yako ni mimi." Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Afadhali, huyu ana sauti tamu. Yule mwingine alikuwa ameshachoka." Sikuweza kulia, maana kulia nako kunavuta nyuzi. Baadaye fundi mitambo wetu alikuja kunitazama akanieleza yote. Kumbe Asali alikwenda mwenyewe kwenye bodi, kwa miguu yake, kuwaambia kwamba sauti yangu inawakwaruza wasikilizaji na hata nikipona haitakuwa ile. Redio ni ya umma, eti, lazima tuwafikirie watu.

Haya. Mimi nasema hivi: simsamehe. Usiniletee methali za hasira hasara, nazijua, nimezisoma hewani mara nyingi kuliko wewe. Nataka aumie pale pale aliponiumiza, hewani, watu wakisikia. Na fimbo ya kumchapia ninayo. Fimbo yenyewe ni wewe.

Asali hajui Babu Kengele ni nani. Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Tangu ile miezi ya mwanzo, kipindi hakipigiwi simu hata moja, ukanionea huruma ukapiga ukijifanya mzee mkorofi, mji mzima unaamini yule babu yupo, ana nyumba yake, ana mguu mbovu, ana kesi na jogoo wa jirani. Watu wanafungua redio kumsikia yeye. Na Asali miaka yote hiyo alikuwa mezani akipokea simu zako, hajawahi kushtuka.

Basi endelea kumpigia. Mvishe kilemba cha ukoka. Msifu mpaka kichwa kivimbe. Mengine nitakuandikia.

Dada yako


13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na shingo, na pole zaidi na hayo mengine. Huku sote tunapumua. Mke wangu anakusalimu kwa uchungu, watoto wanauliza shangazi ataongea lini, na kitanda cha dirishani nimekihamishia kwetu, ugomvi umekwisha.

Barua yako niliisoma huku nampima mteja suruali, nikamchoma pini kiunoni. Akaruka! Nikamwambia samahani mzee, nimepata habari za msiba. Na kweli ni msiba. Nilipomsimulia mke wangu akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaenda kuizima redio. Nikaiwasha tena. Nikamwambia, mama, hii sasa ni kazi.

Basi nilifunga mlango wa duka, nikatia kifungo cha koti shavuni kama kawaida yangu, nikapiga. Nikaanza na kikohozi changu. Asali akanijua hapo hapo: "Ee, jamani, Babu Kengele yuko hewani!"

Nikamwambia, "We binti, mwenzako yuko wapi?"

 Akasema, "Babu, dada anapumzika. Anakusalimu sana."

Anakusalimu sana! Dada, ningeweza kupita kwenye waya wa simu nikatokea upande wa pili, ningempata. Lakini nikakumbuka agizo. Nikasema, "Haya, hewala. Maana hiyo sauti yako inafanya hata mguu wangu usahau kuuma. Ungeongea na huyu jogoo wa jirani, angekaa kimya kwa aibu." Alicheka mpaka akashindwa kusoma saa. Na baada yangu wakapiga watu mfululizo, mmoja baada ya mwingine: kama Babu Kengele amemkubali, nasi tumemkubali.

Nikakaa pale na kifungo mdomoni nikajiona msaliti. Niambie mwisho wa mchezo huu ni upi, maana kumsifu adui kunanipa kiungulia.

Mdogo wako, Fundi


22 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mwambie wifi ana akili kutushinda sote, ila redio asiizime. Mimi naendelea. Nimenunua kibao cha watoto cha chaki, natembea nacho, wageni wakija naandika majibu. Kuna watu wananijibu kwa kuandika nao, na masikio yangu hayana kasoro yoyote!

Nilikusikia. Nilikuwa jikoni, nimeng'ata kitambaa nisicheke, maana kucheka ni kusema. Ulimsifu hadi mimi mwenyewe nikaona wivu, mjinga wewe. Kiungulia chako kitapona, dawa inakuja.

Mwezi ujao ni Siku ya Milango Wazi. Unajua redio yetu haichukui matangazo ya biashara, inaishi kwa michango ya wasikilizaji, na siku hiyo ndiyo watu wanaingia kituoni, wanaiona studio, wanatoa walicho nacho. Bodi inakuja yote na tai zao. Jana Asali ametangaza kwamba anamtaka Babu Kengele awe mgeni wa heshima, akae naye hewani uso kwa uso, watu wamwone. Miaka yote niliyokaa pale sikuthubutu hata kulitania jambo hilo, kwa sababu najua kilichomo. Yeye hajui. Amekalia kuti kavu na analitikisa mwenyewe.

Kubali. Jivunge kwanza, sema mguu, sema nguo huna, halafu kubali kwa madaha. Mwache atangaze kila asubuhi. Mwache awaahidi bodi. Siku ikifika, usitokee. Kiti kitupu, maiki imewashwa, watu wamejaa mpaka barabarani, na yeye hana la kusema. Mtangazaji akinyamaza hewani ni sawa na kuvuliwa nguo, na mimi nataka avuliwe mbele ya mwenyekiti.

Tangu nianze kuufikiria mpango huu nalala usingizi mzuri. Daktari anasema napata nafuu, anadhani ni dawa zake.

Dada yako


7 Aprili

Dada,

Shikamoo tena. Sisi salama, isipokuwa mtoto wetu mdogo ana mafua na amempa kila mtu. Wewe je, koo? Natumaini chaki haijaisha.

Nimekubali kama ulivyosema. Nilijivunga asubuhi mbili, ya tatu nikasema nitakuja na koti jipya nililoshonewa na fundi mmoja hodari sana wa mji wa pili. Nikajitangaza bure kabisa! Asali sasa haanzi kipindi bila kunitaja. Ametangaza hata kiti changu kitawekewa mto kwa ajili ya mguu.

Sasa nisikilize na usirushe kibao ukutani. Yule binti, nikimaliza kusema, hakati simu. Wimbo ukianza anabaki na mimi pembeni, hewani hasikiki, ananiuliza, "Babu, mguu vipi leo? Umekula? Nani anakutekea maji?" Mimi mwenye nguvu zangu, nimekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, naona haya hadi masikio yanawaka. Wiki iliyopita mafua ya mtoto yalikuwa yamenipata, nikakohoa kikohozi cha kweli. Akataka kumtuma daktari. Ilibidi nimgombeze kama Babu, nikamwambia madaktari wote ni wezi, ndipo akaacha.

Na kuna jingine, nalisema kwa sababu wewe ni dada yangu na sina mwingine wa kumwambia. Mimi nampenda huyu mzee. Dukani mimi ni "we fundi, suruali yangu iko wapi, ulisema Ijumaa". Ni haki yao, nachelewesha. Lakini nikitia kifungo shavuni, mji mzima unanyamaza kunisikiliza nikilalamika juu ya jogoo. Nikikosa kumtokea Asali siku ile, nitarudi vipi tena hewani? Nitakuwa nimemzika babu wa watu.

Hatuwezi kumtisha tu? Nimwambie kitu kwenye simu, ajue kuna mtu anajua alichofanya?

Mdogo wako


11 Aprili

Kaka mdogo,

Salamu utazipata ukizistahili.

Amekuuliza kama umekula? Na mimi aliniletea machungwa! Anauma na kupuliza, na wewe umekaa hapo unafurahia upepo. Hebu nijibu, wewe ni ndugu yangu au ni babu yake?

Unasema unampenda yule mzee. Nani alimpa mguu mbovu? Nani alikwambia ukohoe kwanza ndipo useme? Tulikaa mimi na wewe kwenye ngazi za nyumba ya mama tukimtunga mpaka mama akatoka kutugombeza kwa kelele. Babu Kengele ni wangu kama alivyo wako. Kama kipindi si changu, basi yeye naye asiwe wa Asali.

Na kumtisha, ng'o! Ukimtisha atajiandaa. Fanya kama tulivyopanga. Usipofanya, usiniite dada, na mimi siandiki tena mpaka siku hiyo ipite.

D.


29 Aprili

Dada yangu (nakuita hivyo kwa sababu nimefanya),

Shikamoo. Nimeona barua haiji, nikajua umeweka neno lako. Sisi wazima. Nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Siku ya Milango Wazi nilikwenda. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa basi la asubuhi. Nilisimama kwenye umati kama mtu yeyote. Sikuwahi kuingia kituoni kwenu, unajua? Nilidhani ni jumba. Kumbe ni korido moja nyembamba, nyaya zimefungwa kwa kamba za viatu, na studio yenyewe imebandikwa ukutani magodoro ya sponji yaliyokwisha. Watu walikuwa wamejaa hadi nje ya geti, wengine wamebeba watoto mabegani wapate kumwona Babu. Nyuma ya kioo niliona viti viwili. Kimoja kina mto.

Saa yangu ikafika. Asali akanitangaza, watu wakapiga makofi, wakageuka kuangalia mlango. Mlango haukufunguka. Mwenyekiti wa bodi akaangalia saa. Asali akatangaza tena. Watu wakaanza kuguna. Nikamwona akiangalia kile kiti, mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka. Ukimya wenyewe ulikuja, dada, ule ule ulioutaka. Ulikuwa mrefu. Nilifurahi moyoni kwa niaba yako, nikasema haya dada, kula.

Halafu akasogeza maiki.  Akasema, "Ndugu zangu, kiti cha babu yetu ni kitupu. Amekuwa akikohoa wiki hizi. Sijui nyumba yake, sijawahi hata kumwona. Babu, kama unatusikia, hatujakasirika. Tunaomba tu upone." Akalia. Hewani!

Basi watu wote wakalia. Mama mmoja karibu yangu alitoa kitambaa akanipa nami nilie. Wakapanga foleni kumtumia babu salamu za ugua pole, na kila aliyepita kwenye maiki akatupia mchango kwenye sanduku. Sanduku likajaa, wakaleta ndoo. Mwenyekiti alimshika Asali mkono kwa mikono yake miwili akasema redio hii haijawahi kupata siku kama hiyo.

Na mimi nilichangia, dada. Usinipige. Foleni ilikuwa inasukuma.

Sasa niko dukani na sijui nifanye nini. Siwezi kupiga, siwezi kutopiga. Kila asubuhi anaanza kwa kusema, "Babu, tunakusubiri." Tulichimba kisima, nadhani aliyetumbukia si yeye.

Mdogo wako, Fundi


6 Mei

Mdogo wangu,

Uliyotenda nimeyaona, na dada umeniita, basi pokea salamu zako zote na za wifi na za wanao. Mafua yameisha?

Nilisikiliza yote. Nilikuwa nimejitengenezea chai na mkate kama mtu anayekwenda kuangalia mpira. Ukimya ulipokuja nilisimama. Haki ya nani, nilisimama katikati ya jikoni, nikanyoosha mikono. Halafu akalia, na chai ikapoa. Nimemjengea jina kwa mikono yangu mwenyewe! Nimemfanya mtakatifu! Jana muuza nyanya ameniambia, akipiga kelele, kwamba yule binti ana roho nzuri kama nini.

Basi sikia. Daktari amenifungulia mdomo. Alisema, "Sema neno lolote." Nikasema jina la mama. Iliyotoka si sauti yangu, mdogo wangu. Ni mkwaruzo, kama mtu anaburuta sanduku kwenye saruji, na katikati inakatika, inabaki hewa tupu. Daktari akasema ndiyo hiyo, itapanuka kidogo, lakini ndiyo hiyo. Nilitoka bila kumwaga hata chozi. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba Asali aliwaambia bodi kweli. Hata hilo nalo amepatia, na namchukia zaidi kwa kupatia.

Keshokutwa nitampigia, kwenye kipindi, kama msikilizaji. Nitasema mimi ni nani. Nitasema Babu Kengele tulimtunga, hayupo, hakuwahi kuwepo, na huyu anayewaliza watu amepokea simu zake miaka yote asijue. Najua nami nitachafuka, watasema nimewadanganya. Potelea mbali. Nikizama nizame naye. Wewe sitakutaja.

Fungua redio.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo sitanii na sitaulizia koo, maana nimelisikia.

Nilifungua redio kama ulivyosema. Nilikuwa na mteja, bwana mmoja mwalimu, anajaribu suruali. Asali akasema, "Tuna mama mmoja kwenye simu, karibu mama." Ukasema, "Asali, ni mimi." Kisha ukasema, "Nina neno kuhusu Babu." Ikakatika kidogo, ukameza mate, ukarudi tena. Yule mwalimu akasema, "Masikini, huyu bibi mgonjwa." Nikajua mji mzima hakuna aliyekujua ila mimi.

Lakini yeye alikujua, dada. Asiyekujua angeuliza, wewe nani? Yeye hakuuliza. Nilimsikia akivuta pumzi kwa tumbo, ile pumzi uliyomfundisha, halafu akasema kwa utamu wake wote: "Pole sana mama. Sauti yako haisikiki vizuri, wasikilizaji wanapata taabu. Tupate simu nyingine." Akakukata.

Sijui kama una habari ya mtu kupandwa na hasira mpaka asione mbele mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimeanza kumhurumia yule binti, nakiri. Huruma yote ilitoka hapo kwa mlango wa mbele. Mwalimu amesimama na mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje, mimi nachukua simu.

Nilipiga kikohozi. Akapiga ukelele wa furaha: "Jamani! Jamani, Babu yuko hewani! Babu, uko wapi, unaendeleaje?" Dada, nilisikia watu wakishangilia kwenye maduka yote ya mtaa wetu, kinyozi alitoka na mkasi mkononi. Nikamwacha afurahi. Nikamwacha mpaka mwisho, aniambie walivyoniombea.

Halafu nikasema kwa sauti yangu hii, ya kuulizia vipimo vya kiuno. Nikasema, "Asali, mimi si babu wa mtu. Mimi ni fundi cherehani, na watoto wangu bado wadogo. Babu Kengele nilimtunga mimi na dada yangu. Dada yangu ndiye aliyekufundisha kazi, akakulaza kwake. Ulimchukulia kiti amelala hospitali, na sasa hivi amekupigia na wewe umemjua. Umemlilia babu asiyekuwepo, na aliyepo umemwambia hasikiki."

Nilifika hapo akanikata na mimi. Lakini ilikuwa imeshatoka.

Wakaweka wimbo. Wimbo ukaisha wakauweka tena. Mwalimu alivaa suruali yake ya zamani akaondoka bila kuaga. Kinyozi alirudi ndani na mkasi wake. Baadaye akaja mama mmoja nisiyemjua, akasimama mlangoni akasema, "Nilifunga nikakuombea," akaenda zake. Mke wangu amefunga duka kwa leo.

Jioni mtoto wetu mdogo alikuwa haniamini, akataka nimwongeleshe kama Babu. Nilijaribu. Kikohozi kilikuja, maneno hayakuja. Nimemuua mwenyewe, dada, na nimemlilia mbele ya mtoto. Lakini ningepewa asubuhi ile tena, ningempigia tena.

Mdogo wako


17 Mei, asubuhi

Mdogo wangu wa damu, wa tumbo moja,

Salamu nyingi, na safari hii nazituma kwa magoti. Pole kwa babu yetu. Nami nimemlilia, jikoni, kwa hii sauti yangu mpya, na nikaona kwamba kulia inaweza. Mwambie wifi aendelee kufungua duka. Watu watanuna, halafu watakumbuka kwamba suruali zao bado ziko kwako.

Sikukujibu mapema kwa sababu huku kumewaka moto. Geti la kituo lilijaa watu, wengine wanadai michango yao, wengine wanadai Babu wao. Mwenyekiti wa bodi alikuja kwangu mwenyewe, amevaa tai, akakaa kwenye kiti changu cha jikoni kilichovunjika mguu mmoja, na sikumwonya. Anasema redio itakufa. Anasema njia ni moja: mimi na Asali tuingie hewani pamoja, kwenye Amka na Jirani, tuwaombe watu radhi, tushikane mikono, yaishe. Maneno wameshatutungia.

Alinitazama akasubiri nikatae. Nimekubali.

Nimetoa sharti moja tu. Nimesema Asali ndiye akae kwenye mitambo, anifungulie maiki kwa mkono wake, na asinikate mpaka mimi mwenyewe niseme nimemaliza. Mwenyekiti aliona hilo dogo sana, alitaka kunibusu. Akampigia Asali pale pale, mbele yangu. Sikusikia alichojibu. Mwisho akakubali, angefanya nini?

Wanadhani nakwenda kuomba radhi. Radhi nitawaomba, ndiyo, nitawaomba wasikilizaji, kwa ajili ya mzee wetu, maana wao hawakunikosea. Hilo halitachukua muda. Kisha nitaanza pale aliponikatia. Nitasema machungwa, nitasema redio ya wodini, nitasema chumba cha nyuma alicholala na maneno aliyowapelekea bodi nikiwa na mshono shingoni. Nitasema polepole, kwa sababu sauti hii haiwezi kukimbia. Ikikatika nitameza mate, nitaendelea. Na yeye atakaa pale, kidole chake karibu na kitufe, asiweze kukigusa, anisikilize mkwaruzo wangu mpaka tone la mwisho, na mji wote ukimsikiliza akinisikiliza. Wakitufukuza wote wawili, sawa. Mimi nimeshafukuzwa.

Najua ungenizuia. Una moyo laini, umeurithi kwa mama, mimi sikuachiwa hata kipande. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi la mchana, na kipindi kinaanza muda si mrefu. Nimevaa, nimekunywa maji ya vuguvugu, nipo mlangoni. Ikikufikia, utakuwa umeshanisikia.

Dada yako